Shaba Iliyosokotwa ya Mjomba Eliud

Uvumi kwamba Asifiwe wa Ngonga amepata kazi ya dhahabu ulianzishwa na mama yake mzazi, tena bila nia mbaya. Siku moja Asifiwe alimpigia simu kutoka Mbeya akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mama, leo tumezipata chembe! Ndogo mno, hata hadubini yetu imeshindwa kuzitenganisha. Mkuu wa maabara amesimama akapiga makofi."

Mama yake alikuwa uani akichambua usipa, dagaa wa ziwani, redio ya jirani ikimpigia kelele. Alisikia "chembe", akasikia "makofi", akabaki kujiuliza ni chembe za kitu gani ambacho msomi na shahada zake anaweza kukisimamia na kukipigia makofi. Alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya akamnong'oneza mwenzake. Wa sauti ya pili wakawaambia wa sauti ya kwanza, wa sauti ya kwanza wakarudi na neno hilo majumbani, na kabla mpunga haujaanza kuinama Ngonga nzima ilishajua kwamba binti wa Wilson anachungulia dhahabu kwa mashine ya serikali.

Kwa hiyo Asifiwe alipokuja likizo wakati wa mavuno, alikuta wageni barazani kabla hata hajavua viatu. Kila mmoja ana kitambaa kimefungwa fundo. Mmoja alikuwa na mawe yanayometameta aliyookota mtoni. Mwingine alileta kipande cha betri ya gari. Bibi mmoja alitoa sarafu ya zamani iliyolika uso, akaomba apimiwe kwanza kwa kuwa ana mpunga juani.

"Ndugu zangu," Asifiwe akasema, "mimi sitafuti dhahabu. Mimi nasugua shaba."

Bibi wa sarafu akaifunga upya kwenye kitambaa.

"Unasugua?" akauliza mzee wa mawe.

"Nasugua, halafu natazama."

"Na mwisho wa mwezi wanakulipa kwa kusugua?"

"Wananilipa, baba."

Watu wakatazamana. Mama yake alitoka ndani na birika la chai, uso umejaa aibu, akawaambia taratibu kwamba mtoto amekatazwa kusema, kazi yenyewe ni ya siri. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Chai ikanywewa. Uvumi ukaondoka pale umenenepa kuliko ulivyokuja.

Asifiwe mwenyewe hakupanga kuwa mtu wa metali. Alipomaliza shule alitaka uuguzi, nafasi zikajaa, akapangiwa chuo cha ufundi kusomea kazi za maabara. Baba yake, Wilson, mkulima wa kokoa asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Nenda, mwanangu, maabara ni maabara." Alidhani atakuwa anapima malaria. Mpaka leo akiumwa kichwa humtumia bintiye ujumbe kuuliza dawa.

Alipohitimu alipata ajira kwenye maabara ya uhandisi kule Mbeya. Kazi yake ni kuandaa vipande vya kutazamwa. Analetewa kipande cha shaba au cha aluminiamu kidogo kama kifungo cha koti. Anakisugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka aweze kujiona meno humo. Halafu anakipaka dawa inayokula uso wake kidogo tu, anakisuuza, anakiweka chini ya hadubini.

Mara ya kwanza alipochungulia, aliinua kichwa akatazama kama kuna mtu anamfanyia mzaha. Maisha yake yote alidhani shaba ni kitu kimoja, kama maji. Kumbe ndani yake imegawanyika vipande vilivyobanana, kila kimoja na mpaka wake, sawasawa na mashamba ya mpunga ya kwao ukiyatazama kutoka juu, njia ya milimani. Vipande hivyo ndivyo wanavyoviita chembe.

Wataalamu wa maabara ile walikuwa na bonge la chuma lenye tundu. Tundu linaingilia juu, likifika katikati linakata kona, linatokea ubavuni. Fimbo ya shaba inasukumwa humo kwa mashine yenye nguvu ya kuinua lori, inalazimishwa kupita ile kona, inatokea upande wa pili ikiwa na unene uleule iliyoingia nao. Inageuzwa, inarudishwa juu, inasukumwa tena. Kwa nje utaapa kwamba hakuna kilichofanyika. Lakini ndani, kila chembe imeburutwa na kuvutwa mpaka ikakatika, na vipande vyake navyo vikakatika, hata palipokuwa na shamba moja pakawa na maelfu. Na ile fimbo ambayo Asifiwe aliweza kuipinda kwa magoti yake ikawa inawakatalia wanaume wa karakana, mishipa imewasimama shingoni. Ndiyo siku ile ya makofi.

Sasa katikati ya likizo hiyo ya mavuno, mjomba wake Eliud akafika.

Mzee Eliud ni kaka mkubwa wa mama yake Asifiwe, mtu wa ziwani, mkazi wa Ikombe, kijiji kisichofikiwa na gari. Alikuja kwa mtumbwi mpaka Matema, akapanda gari mpaka Kyela mjini, akamalizia kwa pikipiki, na safari yote amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Kwenye gari walimpisha kiti cha mbele wakidhani ni mtoto mchanga. Hakuwasahihisha.

"Shikamoo, mjomba," Asifiwe akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mugonile nyote. Funga mlango."

Mlango ukafungwa. Akakifungua kitenge juu ya meza. Ilikuwa fimbo ya metali ndefu kama mkono, nene kama kidole gumba cha mwanaume wa kazi, nyeusi yenye ukijani, isipokuwa mahali pamoja alipopakwangua kwa kisu. Hapo palikuwa na rangi ya njano ya kuvutia kabisa. Na mwili wake wote ulikuwa na mistari myembamba iliyozunguka na kuzunguka kama kamba iliyosokotwa.

"Niliipata nikimchimbia mke wangu udongo wa vyungu," Mzee Eliud akanong'ona, ingawa hakukuwa na mgeni. "Miaka yote hii nimeilalia, iko chini ya kitanda. Wajerumani hawa. Walipokimbia vita waliizika. Tena waliisokota makusudi, tusiitambue."

"Kaka," mama yake Asifiwe akasema, mkono kifuani.

"Usilie. Nimeshapanga yote. Kijiji kitapata boti ya injini, wanawake wapeleke vyungu vyao Matema wamekaa kama mabibi harusi. Wewe utaezekewa nyumba upya. Na huyu mtoto, kwa kuwa ndiye atakayeipima, atajengewa Mbeya, penye baridi hapohapo anapopapenda."

Asifiwe aliinyanyua ile fimbo. Moyoni alihisi jibu tayari, maana dhahabu ya ukubwa ule asingeweza kuinyanyua kirahisi hivyo. Lakini hakuwa na uhakika wa kumtosha kuvunja uso wa mjomba wake, uliokuwa uking'aa kuliko fimbo. Na kilichomshika zaidi ni ile mistari. Kule kazini walikuwa na mashine nyingine inayobana kidonge cha metali na kukisokota, lakini kidonge chenyewe ni kama sarafu. Hapa palikuwa na fimbo nzima. Nani alikuwa na nguvu ya kuisokota, na kwa nini?

"Niachie niipime, mjomba," akasema. "Nitakwambia ukweli wowote utakaotoka."

"Ukweli ni dhahabu. Wewe angalia tu ni ya daraja gani."

Kesho yake Asifiwe alikwenda mjini Kyela, dukani kwa Husseini, muuza vifaa vya ujenzi ambaye baba yake alihamia kutoka Kilwa kwa biashara akanogewa na wali wa huku. Husseini ni mtu wa kofia safi na salamu ndefu. Baada ya kuuliza hali ya kila mtu nyumbani, akauliza, "Nikupe msasa namba ngapi, binti yangu?"

"Zote ulizonazo, mzee. Kutoka mkali mpaka ule laini kabisa wa kupigia rangi magari. Na msumeno wa kukatia chuma."

Husseini akavua miwani. Habari za Ngonga zilikuwa zimefika mjini zamani. "Ile kazi ya siri?"

"Hakuna siri, mzee wangu. Ni mjomba ana kipande cha metali, tunataka kukijua. Jumamosi mchana, pale sekondari Ipyana."

"Basi na mimi nitakuja. Nisiwe mtu aliyeuza msasa wa dhahabu halafu dhahabu yenyewe asiione." Akamgeukia mkewe, Halima, aliyekuwa akipanga misumari, akamwambia Jumamosi duka ni lake.

Hadubini ilikuwa Ipyana, mikononi mwa mwalimu wa baiolojia aitwaye Godwin, kijana mrefu mwenye sauti ya upole na chaki kwenye mifuko yote. Alimsikiliza Asifiwe mpaka mwisho, kisha akasema kwa huzuni, "Lakini dada, hii ni ya kutazamia maganda ya vitunguu. Mwanga wake unatoka chini. Metali haipitishi mwanga."

"Najua. Tutamulika kwa juu, kwa pembeni, kwa tochi ya simu. Chembe zikiwa kubwa tutaziona."

"Na nani atashika tochi?"

"Wewe, kama una mkono usiotetemeka."

Godwin alisema mkono wake hautetemeki. Alisema hivyo huku akiokota chaki iliyomdondoka.

Jumamosi walikuwa watano ndani ya chumba cha maabara ya shule: Asifiwe, mama yake, Mzee Eliud aliyevaa koti la ibada, Husseini, na Godwin. Husseini ndiye aliyepewa msumeno, maana alisema amekata nondo za kila ukubwa zilizowahi kufika Kyela. Alikata kipande chembamba kwenye ncha, kama mtu anavyokata muhogo wa kukaanga. Jasho lilimtoka.

"Ajabu hii," akasema akipumzika. "Huku nje ilikuwa inanikatalia. Nilipofika katikati ikaniachia."

Asifiwe alitabasamu. Akakichukua kipande akaanza kusugua uso wake juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, mkono unakwenda na kurudi, akibadilisha msasa na kugeuza upande kila baada ya muda. Akamalizia kwa dawa ya meno juu ya kitambaa laini. Mama yake, ambaye hakuwahi kumwona akifanya kazi, alisogea karibu kidogo kidogo mpaka akawa anampumulia begani.

"Kumbe kweli unasugua," akasema.

"Si nilikwambia, mama?"

Kisha ikaja dawa. Amonia kidogo ya shule ikachanganywa na ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, iliyonunuliwa duka la dawa. Asifiwe akamwita mjomba wake asogee aone mwenyewe. Akadondosha tone moja katikati ya ule uso wa njano uliong'aa kama kioo. Tone lilichemka kidogo, halafu likaanza kugeuka. Likawa bluu, bluu iliyokolea kama wino.

"Bluu ndiyo nini?" Mzee Eliud akauliza.

Asifiwe aliweka chini kijiti cha dawa. "Mjomba, dhahabu ingelitazama tone hili bila kubadilika. Inayogeuka bluu ni shaba. Hii ni shaba iliyochanganywa na metali nyingine."

"Yote?"

"Yote."

"Hata huko pembeni?"

Akadondosha pembeni. Bluu. Mzee Eliud alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamempanda juu, akatazama mikono yake. Husseini alivua kofia, akaivaa tena. Asifiwe alitamani angekuwa kweli mpima malaria.

Kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, alifanya alichokijua. Alisuuza kipande, akakikausha, akakiweka chini ya hadubini. Godwin akainamisha tochi. Asifiwe akachungulia, akasogeza, akachungulia tena, na bila kujua akaanza kucheka peke yake kwa furaha.

"Mjomba, njoo uone."

"Nione nini, mwanangu. Ni shaba."

"Njoo tu."

Akaja kwa kujikokota, akafumba jicho moja.

"Hapo ni katikati ya fimbo," Asifiwe akasema. "Unaona nini?"

"Mashamba," akasema mzee. "Yamepakana."

"Hizo ni chembe za shaba. Sasa nasogea kwenda nje. Taratibu. Unaona nini?"

"Yamelala. Yamekuwa membamba, kama yamekokotwa na mafuriko. Yote yanaelekea upande mmoja. Halafu..." akakaza jicho. "Halafu huku mwisho hakuna kitu. Kijivu tu."

"Kipo. Chembe za hapo zimevunjika zikawa ndogo mno, hadubini ya vitunguu haiwezi kuzitenganisha. Ndiyo sababu msumeno wa mzee Husseini ulikataliwa nje ukapokewa ndani. Metali inapopinda, mle ndani kuna kasoro ndogondogo zinazotembea, kama maji yanayokatiza shambani. Zikifika kwenye mpaka wa chembe zinakwama, kama maji yanavyokwama kwenye tuta. Pakiwa na matuta machache maji yanakwenda mbali. Pakiwa na matuta kila hatua, maji hayaendi popote, na metali haipindi."

Mzee Eliud aliendelea kuchungulia. Udadisi ulikuwa unaanza kumshinda huzuni. "Na nani aliyeikokota hivi?"

"Ndicho ninachojiuliza. Katikati pamepona, pembeni pameteseka. Hiyo ndiyo alama ya kitu kilichosokotwa: ncha moja imeshikwa, nyingine inazungushwa. Tena kilisokotwa kikiwa baridi. Kingekuwa kwenye moto, chembe zingezaliwa upya, kubwa na nono, na tusingeona mateso yoyote. Mtu hana nguvu hizo. Wala watu kumi."

"Injini," akasema Husseini. Alikuwa ameichukua ile fimbo iliyobaki, anaigeuzageuza ncha isiyokatwa mbele ya dirisha. "Tazameni hapa, pamechongwa kuwa pembamba, na hapa palikuwa na hesi, mikato ya kufungia nati. Hii ni shafti ya boti, fimbo inayozungushwa na injini. Propela ya kusukuma maji inakaa hapa. Kama propela ilinaswa na kitu majini, na injini ikaendelea kuvuta..." Akafanya ishara ya mtu anayekamua nguo.

Mama yake Asifiwe akapiga ukelele, mpaka Godwin akaangusha simu.

"Kaka! Baba!"

Mzee Eliud aliinuka kutoka kwenye hadubini akakiangusha kiti kilichokuwa nyuma yake. Walitazamana, kaka na dada, vinywa wazi.

Ilichukua muda wageni kuelezwa, maana walikuwa wakisema wote wawili kwa pamoja, mara Kiswahili, mara lugha ya kwao. Baba yao, Mzee Jackson, alikuwa mvuvi kulekule Ikombe. Alipokuwa kijana alitega nyavu zake na kamba za katani, akatokea mzungu na boti ya injini, akapita juu ya nyavu. Boti ikatetemeka, ikapiga kelele kama ng'ombe, ikasimama ghafla. Yeye na watu wake wakaivuta mpaka ufukweni kwa makasia, wakaitengeneza kwa siku kadhaa, wakaondoka. Mzee Jackson aliwasimulia watu kwamba nyavu zake zimesimamisha boti ya mzungu. Hakuna aliyemwamini. Ufukwe ule ulikuwa mtupu siku zile, na yeye alikuwa mtu wa kupenda kuongeza chumvi. Wakampa jina la utani, Simamisha Meli, na wanawe walikua wakiitwa hivyo na kuchekwa hadi shuleni. Alikufa akisimulia, na watu wakicheka.

"Hata mimi sikumwamini," mama yake Asifiwe akasema, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Baba yangu mwenyewe."

"Alisema ilipiga kelele kama ng'ombe," Mzee Eliud akasema.

"Shafti ikisokotwa hivi, mjomba, lazima boti ipige kelele," Asifiwe akasema. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kazini, akaongeza, "Ila siwezi kuapa kwamba ni boti ileile."

Mzee Eliud akamgeukia. "Mwanangu, Ikombe zimesimamishwa boti ngapi?"

Hapo hata Asifiwe akacheka. Mzee alimshika mikono yote miwili, akainama. "Ndaga fijo," akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga fijo, mwanangu. Umenirudishia baba."

Husseini, mfanyabiashara hata kwenye furaha, alisema shaba kama hiyo ikiyeyushwa inatoa pete za bushi nzuri sana za mashine za kukoboa mpunga. Mzee Eliud aliikumbatia fimbo kama alivyoikumbatia garini.

"Usiiweke kwenye moto kamwe," Asifiwe akamwambia. "Ikipata moto, chembe zote zitajipanga upya, na itakuwa imesahau kila kitu."

"Haitauona hata moto wa kibatari," mzee akajibu.

Jioni ile wakala wali kwa mbasa, samaki wa ziwani, nyumbani kwa Wilson, ambaye alisikiliza kisa chote, akatafuna, akasema, "Kwa hiyo si malaria," kisha akaongeza wali.

Asifiwe aliporudi Mbeya alikwenda na kile kipande chembamba. Mkuu wa maabara alikitazama kwa hadubini kubwa, akaita wengine. Walikibonyeza kwa ncha ndogo ya almasi kutoka katikati kwenda pembeni. Alama ya katikati ilikuwa kubwa, na kila waliposogea nje alama ikawa ndogo kuliko iliyotangulia, kwa kuwa metali ilizidi kuwa ngumu. Siku hizi wanafunzi wapya wakianza kufundishwa jinsi usokotaji unavyovunja chembe, huonyeshwa kwanza shaba ya Ikombe, ndipo wanaonyeshwa vidonge vya mashine. Asifiwe ndiye anayewaeleza, na anaeleza vizuri, kwa mashamba na matuta.

Upande wa Godwin, yeye alianza kupata maswali. Leo anampigia Asifiwe simu kuuliza je, aluminiamu nayo ina chembe? Kesho anataka kujua kwa nini ukizidi kuisukuma shaba kwenye ile kona ya bonge la chuma inafika mahali chembe zinakataa kuwa ndogo zaidi. Asifiwe akamweleza kwamba kila zinavyovunjwa, nyingine zinajiunga upya humohumo, mpaka kuvunjika na kuungana vinatoshana nguvu. Keshokutwa yake Godwin akauliza kama amekula. Maswali ya metali yakapungua polepole, simu zikarefuka.

Krismasi ilipokaribia Asifiwe, mama yake na Godwin walipanga kwenda Ikombe kumpelekea Mzee Eliud zawadi: picha ya kile kipande chini ya hadubini, kubwa kama trei ya chai, imewekwa kwenye fremu. Godwin alizaliwa Ipyana, kwenye mpunga na tope, na kumbe hajui kuogelea. Kutoka Matema alikaa katikati ya mtumbwi, wima kama mlingoti, ameinua picha juu ya kichwa chake mpaka mikono ikafa ganzi. Mama yake Asifiwe, aliyekulia kwenye mitumbwi, alimtazama njia nzima akijiumauma midomo asicheke.

Kijiji kilikuwa kimekusanyika. Picha ilitundikwa ukutani, na chini yake fimbo yenyewe ikalazwa kwenye misumari miwili. Mzee Eliud akasimulia. Asifiwe aligundua kwamba boti iliyosimamishwa na babu imeota ghorofa, na mzungu mmoja amekuwa wanne. Alitaka kusahihisha. Mama yake akamfinya.

"Acha," akanong'ona. "Ana miaka mingi ya kulipizia."

Watu walipomaliza kupita mbele ya picha, wakishika ukuta, wakisema "Kumbe kweli," Godwin alivuta pumzi akamwomba Mzee Eliud waongee pembeni. Waliongea chini ya paa la mitumbwi. Mzee alirudi akitingisha kichwa.

"Kijana anataka kuleta barua ya posa," akamwambia dada yake. "Nimemuuliza kama anajua kuogelea. Amesema hajui. Nimemwambia barua tutaipokea, lakini aje nayo kwa mtumbwi."

Jubilate, mke wa Mzee Eliud, mfinyanzi mwenye mikono mipana, hakuwa na muda na maongezi ya wanaume. Alikuwa bado amesimama mbele ya picha. Aligusa kioo katikati, akapeleka kidole polepole hadi pembeni.

"Hapa ni udongo wangu kabla sijautwanga," akasema. "Na hapa nimeshautwanga."

"Ndivyo hasa, mama," Asifiwe akasema.

"Basi umetuonyesha kazi yako. Njoo nikuonyeshe yangu."

Akamvuta mpaka uani, akamtupia bonge la udongo wenye changarawe. Asifiwe akakunja sketi, akatwanga, akakanda, akatwanga tena, jua likimchoma shingo, wanawake wa Ikombe wakimcheka na kumwonyesha namna ya kuweka uzito wa mwili kwenye viganja. Chungu alichofinyanga kiliinama upande mmoja. Jubilate alikizunguka mara moja, akasema kimekunywa pombe, lakini akakichoma pamoja na vingine.

Sasa kiko Mbeya, dirishani mwa maabara, kimejaa kalamu. Maji hakishiki. Wageni wakiuliza kilinunuliwa wapi, Asifiwe huwaambia alikitwanga mwenyewe kule Ikombe, na hapo hulazimika kuwaeleza Ikombe iko wapi na kwamba hakuna gari linalofika.